Shajara ya kusubu risasi nyumbani: rivolva ya .38 na bunduki ya gumegume

14 Septemba 2024

Naanza leo. Nataka kusubu vichwa vya risasi vya aina mbili: vya rivolva yangu ya .38 Special, ambavyo nitatumia kulengea shabaha tu, na goroli za bunduki ya gumegume (inayowashwa kwa cheche za jiwe) ya .50 ambayo nimeinunua kwa ajili ya msimu wa paa wa hapa Pennsylvania unaoanza siku baada ya Krismasi. Nitaandika kila hatua inapokamilika, na makosa nitayaeleza kirefu, kwa sababu maelezo niliyosoma kabla ya kuanza yote yalionyesha kazi ikienda sawa tangu dakika ya kwanza.

Naishi Lancaster. Marekani sheria inamruhusu mtu kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni; akitaka kuuza ndipo anahitaji leseni. Anayesoma akiwa Tanzania au Kenya ajue kwamba kwetu mambo si hivyo. Huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, basi asome kwa kujua tu, asiwashe jiko.

Neno lenyewe, risasi, kwetu ni madini na ni kile kinachotoka mtutuni, vyote kwa jina moja. Kwa hiyo humu nikisema risasi namaanisha madini, na kile kinachoruka nakiita kichwa.

Babu yangu wa Sikonge, Tabora, alikuwa na gobore lenye kibali, na kalibu yake ilikuwa ya udongo wa kichuguu. Nilimwona akisubu mara mbili tu, mimi nikiwa mtoto, nimesimamishwa mbali upande upepo unakotoka. Mkono wake haukuwa na haraka hata kidogo.

Vifaa vya kuanzia: jiko la gesi la nje dola 42, sufuria nzito ya chuma niliyoipata kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani dola 10, chungu cha umeme cha kuyeyushia dola 78, kalibu ya vichwa vya grani 158 (gramu moja ni kama grani 15) dola 34, ngao ya uso na glavu za ngozi na aproni dola 46. Kipimajoto niliona ni anasa, nikakiacha dukani.

21 Septemba 2024

Madini nimepewa bure. Jirani yangu, mzee wa Bukavu, anafanya kazi gereji ya matairi, na vile vizito vidogo vya kubalansi magurudumu vikishabanduliwa hutupwa ndoo moja. Nilipomwomba alinitazama akasema, "Ndugu yangu, ile ni uchafu. Beba yote." Ndoo ilikuwa kilo 41.

Nilidhani nimepata kilo 41 za risasi. Baada ya saa tatu za kuchambua nilikuwa na hivi: vizito vya kubana vya risasi kilo 17.5, vile vya kubandika kilo 3.2, zinki kilo 8, chuma kilo 11, na kilo 1.3 za gundi, vali na vipande vya sigara. Majimbo kadhaa, California na Washington yakiwamo, yamekwishapiga marufuku vizito vya risasi, na kila mwaka ndoo za namna hii zinazidi kujaa zinki na chuma.

Kuchambua si kugumu ukiwa na koleo. Risasi inakatika kama jibini ngumu, zinki inagoma. Ukikidondosha kwenye sakafu ya saruji, cha risasi kinasema "du" na kunyamaza, cha zinki kinalia kama sarafu. Vingi vimechongwa Zn (zinki) au Fe (chuma). Vya kubandika viweke kando, maana ni laini, karibu risasi tupu, na vitahitajika kwenye goroli. Vya kubana vina antimoni ya asilimia mbili hadi nne hivi na bati kidogo sana. Antimoni ndiyo inayoipa risasi ugumu. Ni madini yale yale yaliyokuwa yakisagwa kuwa wanja.

Sasa kosa. Nilichoka, kilo ya mwisho sikuijaribu kipande kwa kipande, nikaimimina yote. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, mchanganyiko wa vizito hata chini ya hapo. Zinki hungoja mpaka nyuzi 419. Moto ukiwa wa wastani, zinki iliyojificha huelea juu ikiwa bado ngumu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko risasi, nawe unaichota na upawa pamoja na vibanio vya chuma. Mimi sikuwa na kipimajoto na nilifungulia gesi yote ili nimalize kabla ya giza. Uso wa sufuria ukageuka kitu kama uji wa dona uliosahauliwa, na kila nikichota juu unarudi. Zinki ilikuwa imekwishaingia.

Kilo 6 zimeharibika. Risasi yenye zinki haijazi pembe za kalibu. Nimezigandisha, nikaziandika ZINKI kwa rangi, zitakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumatatu nimenunua kipimajoto, dola 29. Sufuria ya pili sikuiruhusu ipite nyuzi 380, na vipande vinne vya zinki vilivyokuwa vimenikwepa nimevichota vikiwa vizima kabisa.

Kusafisha: kipande cha nta ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kisha koroga na kijiti kikavu ukikwangua chini na pembeni. Moshi utawaka, uache uwake. Mavi ya chuma yatapanda kama unga wa kahawia, yachote yatie kwenye kopo lenye kifuniko. Nta ninayotumia ni ya nyuki wa kwetu, dada yangu aliniletea kilo nzima alipokuja. Nimebaki na kilo 10.3 safi, kwenye vinoo vidogo vya nusu kilo.

5 Oktoba 2024

Siku ya kwanza ya kalibu. Vichwa 60 vya kwanza vyote vilitoka na makunyanzi kama vidole vilivyokaa majini, na pembe za chini zimeviringika badala ya kuwa kali. Nilipandisha joto la chungu hadi nyuzi 400, 420, makunyanzi yaleyale.

Sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa kwenye kalibu, si kwenye chungu. Kwanza, kalibu mpya huja na mafuta ya kiwandani. Nilikuwa nimeifuta kwa kitambaa, na kitambaa hakitoshi. Isugue kwa mswaki, sabuni ya vyombo na maji ya moto, uikaushe, halafu asetoni. Pili, kalibu ilikuwa baridi. Sasa naiweka juu ya sahani ya jiko la umeme kwa dakika kumi na tano kabla ya kumimina cha kwanza. Chungu nimekirudisha nyuzi 370.

Baada ya hapo kazi ikawa mwendo. Mimina, hesabu mpaka risasi iliyobaki juu ya bamba la kumiminia lililo juu ya kalibu (mimi naiita kikonyo) igande na kupoteza mng'ao, hesabu tano tena, gonga bamba likate kikonyo, fungua, dondosha kwenye taulo lililokunjwa, funga. Ukisimama kukagua kichwa kizuri ulichotoa, kalibu inapoa na vitatu vinavyofuata vina makunyanzi. Kagua mwishoni. Ukienda mbio mno kalibu inachemka na vichwa vinatoka na ukungu mweupe badala ya kung'aa. Hivyo vya ukungu ni vizuri tu, usivitupe.

Tukio moja nataka lisomwe na kila atakayefuata. Vinoo vyangu vilikuwa vimelala bandani, na usiku kulikuwa na umande. Nilitupa kimoja kwenye chungu kilichokwishayeyuka. Maji, hata yaliyo kama jasho la kikombe, yakizama chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha yote juu. Ulikuwa mlio kama mtu kapasua ubao, na nilipofumbua macho ngao ya uso ilikuwa na madoa ya kijivu mbele ya jicho la kushoto. Yalikuwa saba, nikayahesabu. Shati la mikono mirefu lilitoboka mahali pawili. Sasa kinoo kinakaa ukingoni mwa chungu mpaka kipate moto ndipo kiingie, na chupa ya maji ya kunywa haifiki karibu na chungu kabisa.

Vizuri: 310. Vilivyorudi chungu: 140.

26 Oktoba 2024

Naunganisha wiki mbili, kwa kuwa ni hadithi moja ya kujidanganya.

Vichwa nilivipitisha kwenye kipimio, yaani tundu la chuma linalovisawazisha, la inchi 0.357, dola 28. Nilichagua 0.357 kwa sababu ndicho kipimo kilichoandikwa kila mahali kuhusu mtutu wa .38. Nikavipaka mafuta, nikapakia, nikaenda uwanjani tarehe 19. Kwa yadi 25 vichwa kumi vya kwanza vilikaa vizuri, ishirini vilivyofuata vikatawanyika kama kuku walioona mwewe, na viwili viliingia karatasini kwa ubavu. Nyumbani nilitazama ndani ya mtutu, mifereji imejaa risasi, imejibandika kama bati la mchomeleaji. Nilisugua saa mbili kwa brashi iliyofungwa nyuzi za shaba.

Kila niliyemuuliza alisema risasi yako laini mno, tafuta ngumu. Nikanunua kilo 5 za madini ya herufi za chapa za zamani, risasi 84, antimoni 12, bati 4 kwa mia, dola 40. Ugumu wake ni kama 22 kwa kipimo cha Brinell. Vizito vya magurudumu ni kama 12, risasi tupu ni 5. Nikasubu upya, nikapitisha tundu lilelile la 0.357, nikarudi uwanjani leo.

Mtutu umejaa zaidi ya mara ya kwanza.

9 Novemba 2024

Nimekipima kitu ambacho kilipaswa kupimwa Septemba, kabla ya senti ya kwanza kutoka.

Nilichukua chubwi laini la mshipi wa kuvulia, nikapaka mtutu mafuta, nikahakikisha mara mbili bunduki haina kitu, nikaligonga chubwi polepole kwa kijiti cha mbao na nyundo mpaka likatokea upande wa pili. Likiwa limebeba chapa ya mifereji, nikalipima kwa maikromita (dola 35): 0.357. Halafu nikapima vivyo hivyo matundu sita ya mbele ya silinda, pale kichwa kinapopita kabla ya kuingia mtutuni. Yote sita ni 0.358.

Vichwa vyangu baada ya kipimio vilikuwa 0.3565. Ni elfu moja na nusu za inchi pungufu ya tundu la silinda. Gesi ya baruti ilikuwa inapita pembeni mwa kichwa, ikikilamba na kuyeyusha ubavu wake, na kile kilichoyeyuka ndicho kilichokuwa kikijibandika mtutuni. Kichwa laini angalau hutanuka kidogo kinaposukumwa kutoka nyuma, kikaziba. Kigumu kama cha madini ya chapa, kwa shinikizo dogo la .38 Special, hakitanuki. Kwa hiyo dawa niliyopewa na wote ilizidisha ugonjwa.

Cha kuumiza zaidi ni kwamba kalibu yangu yenyewe ilikuwa inatoa vichwa vya 0.3585 bila kuguswa. Vilikuwa sawa, nikavipunguza mimi kwa mkono wangu na kwa pesa yangu.

Kipimio cha 0.358, dola 28 nyingine. Vizito vya kawaida, bila madini ya chapa. Vichwa 100 leo mchana: kwa yadi 25 kundi linafunikwa na kiganja, na mtutu ulisafishika kwa vitambaa vitatu. Kwa hiyo mfuasi, anza na chubwi na maikromita. Ukishajua tundu la mbele la silinda ni ngapi, ndipo uchague kalibu na kipimio. Ugumu wa madini ni swali la baadaye, na kwa bunduki ndogo kama hii huenda usiulizike kabisa.

23 Novemba 2024

Hatua hii sikuipanga. Daktari wetu alipima damu yangu na ya mwanangu wa miaka minne kwa sababu nilimweleza ninachofanya. Mimi: mikrogramu 8.4 za risasi kwa desilita. Mtoto: 2.6. Alipokuwa na miaka miwili alikuwa 1.1. Kiwango ambacho CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inakitumia tangu 2021 kumtambua mtoto wa kufuatiliwa ni 3.5, kwa hiyo hajafika, lakini amepanda, na aliyempandisha ni mimi.

Siku nzima sikugusa kitu. Kisha nilikaa nikafuata njia ya vumbi kutoka kwenye chungu hadi kwa mtoto.

Nilikuwa nimejihadhari na moshi: nasubu mlango ukiwa wazi, feni ikivuta kwenda nje. Lakini risasi kwenye nyuzi 370 haitoi mvuke wa kutisha. Huchemka baada ya nyuzi 1,700. Hatari kubwa ni unga, ule wa mavi ya chuma na ule unaobaki mikononi. Nami nilikuwa nafagia sakafu ya gereji kwa ufagio mkavu. Gereji ina mlango wa kuingilia jikoni. Viatu vilikuwa vilevile. Nilikuwa namnyanyua mtoto kabla ya kubadili shati.

Mabadiliko, yote yamefanyika wiki hii. Kazi imehamia banda la nyuma, mbali na nyumba. Viatu na nguo za bandani havitoki bandani, na nguo zinafuliwa peke yake. Hakuna kufagia, ni kufuta kwa kitambaa chenye maji baada ya chungu kuzimwa na kupoa. Kuchota mavi ya chuma ni kwa barakoa ya P100, ya kuchuja vumbi laini (dola 38). Kuna sabuni maalumu ya kuondoa risasi mikononi na vitambaa vyake, dola 21. Kopo la mavi lina kifuniko cha kubana. Hakuna kula wala kunywa. Na vichwa sasa havipakwi mafuta, vinapakwa rangi ya unga na kuokwa kwenye nyuzi 200 kwa dakika 20, ili mkono unaopakia usiguse madini matupu. Rangi na oveni kuukuu isiyoonja chakula tena ni dola 26. Rangi inanenepesha kichwa kama elfu mbili za inchi, kwa hiyo kipimio kinakuja baada ya kuoka.

Betri za gari niliwahi kuzifikiria kama chanzo cha madini. Nimeliondoa wazo hilo kabisa. Ndani yake kuna asidi, na mavi yake yakikutana na unyevu yanaweza kutoa gesi ya sumu. Na sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kutojua: watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyushia betri, watoto wakapatikana na risasi damuni, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

14 Desemba 2024

Goroli za gumegume. Kalibu ya inchi 0.490, dola 28, kwa mtutu wa 0.50. Nafasi inayobaki hujazwa na kitambaa cha pamba kinachoizunguka goroli.

Kosa lilikuwa moja, nikalitambua upesi. Goroli 20 za kwanza nilizisubu kwa vizito vya kubana kwa sababu ndivyo vilivyokuwa chunguni. Antimoni hupunguza kusinyaa, kwa hiyo zilitoka nene kidogo, tena nyepesi, tena ngumu. Kuiingiza ya kwanza mtutuni nilihitaji nyundo, na mdeki (fimbo ya kushindilia) ulikaribia kuvunjika mkononi. Nilitoa chungu chote nikaweka vile vizito vya kubandika, kilo 3. Goroli laini zina grani 177 na unaweza kuzikwaruza kwa ukucha. Zinahitaji moto zaidi, nyuzi 400, la sivyo zinakunjamana.

Kitambaa nakipaka nta ya Sikonge iliyoyeyushwa na mafuta ya zeituni, moja kwa tatu. Baruti, kitambaa, goroli, shindilia kwa mdeki mpaka alama niliyoichora, kisha baruti kidogo kwenye kifa (kisahani cha baruti ya kuwashia), vuta mtambo. Kwa yadi 50 goroli tano zimekaa ndani ya inchi nne. Mafundi wa Kijerumani waliohamia Lancaster hii waliunda bunduki ndefu za namna hii katika karne ya 18, nami nazipakia kwa maneno ya Kiswahili ambayo babu alinifundisha kwa gobore: mdeki, kifa, shindilia.

4 Januari 2025

Paa mmoja, yadi 38, asubuhi ya theluji. Goroli niliikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, imelala bapa kama kitufe cha koti. Nimeipima: grani 168 kati ya 177. Hata hivyo zile 9 zilizopotea ziko mahali fulani nyamani, basi nimekata na kutupa nyama pana kuzunguka jeraha pande zote mbili, na mabaki nimeyafukia ili tai wa kando ya mto wasiyale. Mguu mmoja umekwenda kwa mzee wa Bukavu.

18 Januari 2025

Damu imepimwa tena. Mimi 5.0. Mtoto 1.7. Tutapima tena Aprili.

Hesabu mpaka leo: dola 483 bila gesi na umeme. Kati ya hizo, 68 ni za kosa la tarehe 26 Oktoba (kipimio cha 0.357 na madini ya chapa). Vichwa vizuri vya .38 ni 870, na duka ninalonunulia huuza 500 kwa dola 55, kwa hiyo nimejitengenezea mali ya kama dola 96. Nitafika mahali pa kutoka sawa nikishasubu vichwa 4,400 hivi, na kwa vizito vya kubana nilivyobakiwa navyo, kilo moja na robo, sifiki popote. Mzee ameniwekea ndoo nyingine. Safari hii kila kipande kitapita kwenye koleo.